Mtani wa Mke Wangu

Watu wengi huusifu utani. Husema unaondoa uadui, unaunganisha makabila, unaufanya msiba uwe mwepesi. Mimi nikisikia maneno hayo hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitaharibu mazungumzo ya watu. Nilimjua mtu mmoja aliyejificha ndani ya utani kama panya ndani ya gunia la korosho, na miaka yote hakuna aliyeniruhusu kumtoa.

Alikuwa Myao wa pande za Masasi. Mimi ni Mmakonde wa Newala, na mke wangu alikuwa Mmakonde wa Newala vilevile, kijiji cha jirani na chetu. Kwa hiyo sisi na yeye tulikuwa watani, tutake tusitake. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, anaweza kumwita mke wako mke wake, na wewe unatakiwa ucheke. Ukikasirika aibu ni yako, na unatozwa kuku. Mtani naye akiacha kutania pale anapotakiwa kutania, hutozwa kuku vilevile. Majina yao sitayaandika. Yeye nitamwita mtani, na mke wangu nitamwita mke wangu, kwa sababu neno hilo nimeligombania sana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini kununua korosho, na kila mmoja alikuja na mbinu yake ya kuwavuta wakulima. Mmoja aligawa sabuni. Mwingine aliweka redio kaseti juu ya magunia, ikapiga muziki tangu asubuhi, na wakulima wakapeleka korosho zao huko ili wasikilize. Tajiri aliyenunua zetu alikuwa mtu wa Kilwa kwa asili, na yeye alikuja na jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Wakulima wachache wa Newala na wachache wa Masasi, pamoja na wake zao, wangepelekwa Kilwa kutembea. Waone mji wa zamani, wale, walale, warudi, bila kutoa chochote mfukoni.

Nilichaguliwa. Nilivimba kichwa, sikatai. Lakini sababu kubwa ya furaha yangu ilikuwa mke wangu. Babu yangu mzaa mama alifika Kilwa kwa miguu enzi za ujana wake, amebeba nta kichwani, na nilipokuwa mdogo alinisimulia mji ule mtaa kwa mtaa, nyumba zenye ghorofa, milango yenye misumari ya shaba, watu wanaokaa barazani mchana kutwa bila jembe. Nilitaka mke wangu aione Kilwa kwa maneno yangu. Tangu nimwoe nilikuwa sijamwonyesha kitu zaidi ya mikorosho na njia ya maji. Alikuwa mwanamke wa kazi na maneno machache, na mimi nilikuwa na hamu, kwa mara moja tu, anitazame kama mtu anayejua jambo.

“Nitakuonyesha kila kitu,” nilimwambia.

“Haya,” akasema, akaendelea kupepeta.

Tulishuka kutoka Newala kwa lori mpaka Masasi, na huko ndiko basi lilikotusubiri. Sijaweka hata mguu kwenye ngazi, mtu mmoja mrefu, suruali yake ya mtumba imepigwa pasi mpaka mstari umesimama, akamnyang'anya mke wangu kikapu.

“Mke wangu, mbona umechelewa hivi?” akasema kwa sauti ya kufika sokoni. “Na huyu mpagazi umemwokota wapi?”

Mpagazi ni mimi.

Nikamwuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba yeye ni Myao, ana mikorosho yake upande wa Chidya na meza yake ya mitumba pale Masasi, na kama mimi ni Mmakonde basi nimpe shikamoo upesi, kwa kuwa nimekaa na mali yake miaka yote bila ruhusa. Basi zima likacheka. Mke wake mwenyewe alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo alisafiri peke yake, na alisema ni bahati kubwa kumkuta mke mwingine njiani. Mke wangu akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilidhani anaona haya, kumbe anacheka.

Nilikunja uso. Jirani yetu wa Newala, mama mtu mzima aliyekuwa msafarani na mumewe, akanigusa begani.

“Usinune, baba. Ntani huyo. Ntani hakasirikiwi.”

Basi nikacheka. Nilicheka meno tu.

Njia yote sitaisimulia. Nitataja Nanganga peke yake, ambapo basi lilisimama watu wanunue vya kutafuna. Nilishuka kumtafutia mke wangu karanga za kuchemsha, nikagombana na muuzaji kwa sababu alikuwa ananipimia zilizopooza, nikarudi na karanga zangu nzuri kwenye gazeti. Nilimkuta tayari anamenya nyingine, maganda yamejaa kwenye kanga yake. Mtani hakuwa hata ameteremka. Alitoa mkono dirishani tu. Karanga zangu nilizila peke yangu mpaka Lindi, na tumbo likanisumbua njia nzima.

Tulifika Kilwa Kivinje giza limeingia. Tulipokewa katika nyumba kubwa ya ndugu zake tajiri, nyumba ya mawe yenye ua katikati. Wanawake walipewa vyumba vya ndani, wanaume tukatandikiwa mikeka ukumbini. Kwa hiyo mji niliutazama kwa mara ya kwanza asubuhi yake, na asubuhi hiyo niliamka na hotuba yangu yote kichwani.

Kabla hatujatoka, mke wangu aliniita uani. Kulikuwa na kisima pale, kina ukingo wa mawe. Aliinama akachungulia, akanivuta shati nichungulie na mimi. Maji yalikuwa karibu mno, tuliona nyuso zetu. Nilimwelewa. Kwetu juu mlimani mabomba yalikuwa yakitoa maji yakijisikia, na yasipojisikia wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda mlima na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Maji ya mvua tuliyakinga kwenye mapipa tukayafungia. Huyu hapa mtu anakaa juu ya maji, anafungua mlango wa jikoni anachota.

“Ni ya nani?” mke wangu alimwuliza mwenye nyumba.

Yule mama akacheka. “Ya nani tena? Ya Mungu, mwanangu. Chota uchoke.”

Mke wangu alinitazama kwa mshangao, na mimi nikatazamana naye, na tulikuwa watu wawili wenye jambo moja. Nilisema moyoni kwamba siku imeanza vizuri. Nikikumbuka safari yote ile, dakika zile za kisimani ndizo pekee zilizokuwa zangu.

Aliyetutembeza alikuwa mpwa wa tajiri, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mkavu mwenye fimbo ya kuonyeshea kuta. Kivinje si mji unaousifu mara unapouona. Ulikuwa tajiri, ukaachwa. Nyumba za mawe na chokaa zimekatika mapaa, mipapai imeota sebuleni, roshani za mbao zinaning'inia upande mmoja. Kuna milango ya nakshi imesimama na kufuli lake kubwa, na ukizunguka nyuma hukuti nyumba, unakuta mbuzi. Niliupenda papo hapo. Kila kitu alichosema babu kilikuwepo, ila kimezeeka.

“Unaona misumari hii?” nilimwambia mke wangu mbele ya mlango mmoja. “Babu yangu alisema mwenye nyumba alikuwa anaisugua kwa ndimu kila...”

“Babu yake alijuaje?” mtani akadakia nyuma yetu. “Si ndiye alikuwa anasugua!”

Kicheko. Mke wangu alikuwa ameshika msumari mmoja kwa vidole viwili, akauachia ili acheke vizuri. Nikajaribu tena kwenye nyumba ya ghorofa, mtani akasema Mmakonde akipanda ghorofa huita watu wamteremshe. Nikajaribu msikitini, nikajaribu kwenye jengo la zamani la serikali lililotazama bahari, nikasema hata sisi Newala tunalo boma letu ukingoni mwa mlima. Kila nilipofungua mdomo alikuwa ameshaweka neno lake ndani. Mwishowe niliacha kutazama majengo. Nikawa namtazama yeye anavyomtazama mke wangu, na mke wangu asivyonitazama mimi.

Tukafika kwenye uwanja mtupu karibu na soko. Mwalimu akasimama, akasema hapa ndipo misafara ya bara ilipoishia. Meno ya tembo, nta, na watu. Watu waliofika hapa wamefungwa waliuzwa, akasema, na wengine walikuwa wa milima yenu huko. Yule jirani yetu mama alishika kifua.

Mtani akakohoa.

“Msiogope, watu wa Newala. Leo hatuuzi,” akasema. “Babu yangu alimleta hapa babu yenu, kamfunga kamba safi kabisa. Wanunuzi wakamtazama wakasema hapana, huyu Mmakonde atakula kuliko atakavyobeba. Ikabidi amrudishe mpaka Newala. Ndiyo maana mpo mpaka leo.”

Watu walicheka kwa ahueni, kama mtu aliyetua mzigo. Na hapo, mbele ya wote, nikamsikia mke wangu.

“Kumbe ndiyo maana ukoo wenu mpaka leo mnauza mitumba,” akasema. “Mmezoea kuuza vitu vya watu.”

Uwanja ulilipuka. Mwalimu mkavu yule aliegemea fimbo yake, machozi yanamtoka. Jirani yetu alipiga vigelegele. Mtani alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mke wangu, akasema, “Huyu ndiye mke. Wengine tulikuwa tunaoa tu.”

Mimi nilisimama nimeshika kikapu. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile. Nyumbani mke wangu akinijibu, hujibu “ndiyo”, “bado”, na “maji yamekwisha”. Sikujua kama ana maneno makali namna ile, wala kama anaweza kusimama mbele ya watu akatupa neno moja na kuvunja mbavu za uwanja mzima. Wivu ulinishika pale. Ilikuwa kama kumwona mgeni anafungua chumba ndani ya nyumba yako mwenyewe, chumba ambacho wewe hukujua kama kipo, na anaingia anakaa.

Ningesema nini? Ntani huyo.

Mchana ulipokaribia tukateremka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, bahari imekimbilia mbali, imebaki nchi ya tope inayometameta mpaka kwenye mikoko. Wanawake wa kwetu wengi walikuwa hawajaigusa bahari maisha yao yote, wakataka kuifuata huko huko iliko. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, nimevinunua kwa ajili ya safari.

“Utachafuka bure,” nikamwambia mke wangu.

Hakubishana. Alivua ndara zake, akanipa nimshikie, akapandisha kanga akaenda na wenzake.

“Mpagazi,” mtani akasema, “usipoteze mzigo.”

Lilikuwa neno lake la mwisho kwa muda. Alikaa kwenye ukuta wa zamani kando yangu, asiwafuate, asitanie. Wanawake walikuwa wanapiga kelele, mmoja alizama mpaka magotini wakamvuta, ilikuwa nafasi nzuri ya kutania kuliko zote za siku ile. Yeye alikaa kimya, ameweka kofia gotini, anatazama huko kwenye tope. Nilimchungulia kwa pembe ya jicho. Ukelele wake wa asubuhi nzima haukuwa umenitia hofu kama ukimya ule.

Mke wangu alirudi ana tope mpaka juu ya magoti, anahema, anacheka, na kiganjani amebeba maji kidogo ya bahari ambayo yalikuwa yameshamponyoka yote. Aliniletea kiganja hicho ninuse. Nilinusa. Nilimwambia ni chumvi tu.

Tuliporudi kwenye ile nyumba, wanawake wakajipanga uani kunawa. Mke wangu alifanya kama tunavyofanya Newala. Alichota kopo moja, akaweka beseni chini ya miguu yake ili maji yasipotee, akaanza kujipaka yale maji kidogo kidogo kwa kiganja. Kwetu kopo moja linatosha miguu miwili, na yanayobaki kwenye beseni wanapewa mbuzi. Mwenye nyumba alikuwa anamshangaa.

Mtani akainuka kwenye kivuli. Akatumbukiza ndoo kisimani, akaivuta imejaa mpaka inamwagika.

“Mke wangu hanawi kwa kopo,” akasema.

Akalisogeza beseni kwa mguu wake, likaenda pembeni. Halafu akamwaga. Akamwaga taratibu, kuanzia magotini, tope likashuka rangi ya chai ya maziwa, likawa jepesi, likaisha, miguu ikaonekana, na yeye bado anamwaga. Hakumgusa hata kwa ncha ya kidole, hilo nitamshuhudia. Maji yalikimbia uani yakaenda migombani. Ndoo nzima, juu ya miguu ya mtu mmoja, chini kwenye mchanga, bila mtu kuyakinga. Na mke wangu alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umelegea, kichwa kimelala nyuma kidogo, kama mtoto anayesukwa nywele na mtu anayempenda. Miaka yetu yote ya ndoa uso ule sikuwahi kuuona.

Nilisimama. Nilijua ninachotaka kusema, kilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na utani ungevunjika pale na kuku ningetoa hata watano. Nikafungua mdomo.

“Maji!” nikapiga kelele. “Unamwaga maji!”

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwenye nyumba alikaa chini kwenye mkeka akajipiga mapaja. Wenzangu wa Newala, ambao kila mmoja wao angesema vilevile, walikuwa wa kwanza kunicheka. Na ni kweli wangesema. Mtu aliyelelewa juu kule hawezi kuona ndoo nzima inakwenda mchangani akanyamaza, hata kama nyumba inaungua. Tangu saa ile mpaka tunarudi sikuitwa tena mpagazi. Niliitwa Bwana Maji.

Mke wangu alikuwa amefumbua macho. Yeye hakucheka.

Alasiri watu walilala. Kabla ya magharibi, wanaume walipokuwa wanatawadha kwenda msikitini, nilimkuta mke wangu barazani peke yake anafunga kilemba. Nikakaa kando yake.

“Kwa nini ulimwacha akuoshe miguu mbele za watu?”

“Ni mtani,” akasema.

“Mtani naye ana mpaka wake.”

Alimaliza kufunga kilemba. Alichomeka ncha vizuri, akashusha mikono.

“Mbona hukumwambia?” akasema. “Wewe uliona maji.”

Akainuka akaingia ndani kuwasaidia kupika.

Siku zilizofuata walitupeleka kisiwani kuona misikiti mikubwa iliyobomoka, na wenzangu wanaisimulia mpaka leo. Mimi sikumbuki hata jiwe moja. Safari yangu iliishia siku ile ya kwanza, uani, kando ya kisima.

Tuliporudi Newala nilikaa na neno lile la barazani. Asubuhi moja nilimwona anafika kutoka bondeni, ameshusha ndoo, miguu yake imejaa vumbi jekundu la njia. Nikasema leo. Nikamwambia akae kwenye kigoda. Akakaa, hajui kinachoendelea. Nikanyanyua ndoo, nikaiinamisha juu ya miguu yake.

“Usimwage!” akapiga kelele, akaidaka kwa mikono miwili. “Baba, una nini? Nimeyapandisha mlima mzima!”

Nikaiweka chini. Aliyatazama maji kama yapo yote, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Kivinje nikamwona anakaribia kucheka. Hakucheka. Akaingiza ndoo ndani akaifunika. Mtani alimwaga maji yasiyo na mwenyewe. Mimi ningepata wapi maji ya namna hiyo Newala?

Mtani hakupotea. Alikuja kwenye arusi zetu, kwenye misiba yetu, akipita na mitumba yake kuelekea Tandahimba alisimama barabarani akapaza sauti, “Mke wangu hajambo?” Na mke wangu, popote alipo, akiwa amepinda na jembe au ana mwiko mkononi, alimrudishia neno. Hapo ndipo nilipokuwa naisikia ile sauti ya uwanjani. Ilikuwa inakuja na mtani na kuondoka na mtani. Nilichunguza, nisiseme uongo. Niliuliza majirani, nilirudi nyumbani ghafla nikiwa nimeaga kwamba nimekwenda Masasi. Hakuwahi kukanyaga kwangu nikiwa sipo. Hakuwahi kuvuka kizingiti hata nikiwepo. Ningemkamata na kosa moja ningepumzika, lakini hakunipa.

Mke wangu alifariki kiangazi, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watoto walikuwa wamekua. Kiangazi kile mabomba yalikuwa makavu, na maiti inataka maji ya kuosha, watu wa msibani wanataka ya kunywa na kupikia, na kaburi linataka ya kumwagia. Tangu alfajiri nilikuwa sikai. Nilituma watu bondeni, niligonga milango ya wenye mapipa, nikaandika kichwani nani ametoa dumu gani ili nimrudishie. Watu walisema, mwone alivyojikaza. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa natafuta maji.

Mtani alifika kutoka Masasi tukiwa tumeshafika makaburini. Wote tulijua kinachofuata. Kwetu mtani akija kwenye mazishi huruka akalala kaburini, akasema hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe, au huwapigia kelele wafiwa kwamba mmeniulia mke kwa njaa, na watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo uzito unapopungua. Nilimwona anakuja kwenye njia ya mikorosho, mzee sasa, kofia mkononi. Wanaume walikwishaanza kutabasamu. Mume wa jirani yetu alininong'oneza, “Jiandae, ntani wako huyo.”

Alinijia moja kwa moja, akanipa mikono miwili.

“Pole, baba,” akasema.

Hakusema mpagazi, wala Bwana Maji. Akasimama nyuma ya watu. Tukazika. Alipofukia kila mtu, naye akafukia, kimya. Tabasamu za watu zilikuwa zimebaki njiani, hawajui wazipeleke wapi.

Lilikuwepo dumu moja la kumwagia kaburi. Nilikuwa nimeagiza limwagwe nusu, nusu irudi kwa wapishi. Kijana aliyelibeba alipotaka kuanza, mtani alilichukua mkononi mwake. Hakwenda kichwani, ambako watu huanzia. Alikwenda upande wa miguu. Akamwaga taratibu, udongo mwekundu ukawa mweusi, maji yakaanza kutiririka kandoni, na yeye bado anamwaga, mpaka dumu likakohoa likaisha. Machozi yalikuwa yanamshuka mashavuni na hakuyafuta.

Watu wote wakanitazama mimi. Walidhani nitapiga kelele. Walikuwa wanaikumbuka hadithi ya Kivinje, ilikuwa imeshazunguka Newala yote. Lakini mara hii sikuyaona maji. Niliuona uso wake, na nikamwonea wivu kuliko siku ile ya kisima, kwa sababu mimi mume nilikuwa bado sijatoa chozi hata moja.

Wazee walikaa kando kunong'onezana, kisha mmoja akaja. Akasema mtani amekuja msibani akaacha kutania, akalia kama mfiwa, na kwa desturi anatozwa kuku. Ila mfiwa ni wewe, akasema, ukitaka tumsamehe, tutamsamehe.

“Atozwe,” nikasema.

Nilisema kwa nguvu mpaka watu wakageuka. Waliniona mroho, najua, mtu wa kudai kuku na udongo wa kaburi la mkewe hata haujakauka. Mimi nilimtaka yule kuku kuliko kitu chochote duniani. Nilitaka abishe, apige kelele, aseme sitoi, nyinyi ndio mlioniulia mke. Mtani hubishia kuku wake. Angebisha hata kidogo, miaka yote ile ingekuwa utani.

Kesho yake alfajiri nilifungua mlango nikakuta jogoo mkubwa amefungwa miguu kizingitini. Mtani alikuwa ameshafika barabarani, anaelekea Masasi, na hakugeuka.